Sahani ya Diwali hairudi tupu

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, ukumbi wa ghorofa yetu ya tatu hapa Ngara, Nairobi, hupambwa na mtu mmoja. Ni jirani yangu wa mlango wa pili, bibi wa Kigujarati aliyepita miaka 70, ambaye jengo zima linamwita Ba. Wagujarati huwaita hivyo mama na bibi zao, nasi tukadandia jina hilo hadi likawa letu. Ba huketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake, visosi vya unga wa rangi vimemzunguka. Huufinya unga kwa kidole gumba na cha shahada, akauachia udondoke taratibu kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Ikifika magharibi, sakafuni pamechanua ua la yungiyungi, jekundu kwa manjano, upana wake kama ungo.

Mwaka wetu wa kwanza katika jengo hili, ua hilo lililala usiku mmoja tu. Asubuhi, dada anayesafisha ngazi alikuja na ndoo yake, akapiga deki ghorofa moja baada ya nyingine, na alipofika kwetu akakuta unga umemwagika mlangoni pa watu. Akausugua mpaka sakafu ikang'aa. Ba alipofungua mlango, dada akamwambia kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, "Shosho, nimekutolea ule uchafu." Ba akaitazama sakafu. Akasema, "Asante, mama," akaingia ndani, akatoka tena na visosi vyake.

Sikuthubutu kumcheka yule dada. Mimi mwenyewe nimezaliwa na kulelewa Mombasa, mji ambao Wahindi waliukaa kabla babu yangu hajazaliwa, na bado Diwali niliijua kwa masikio tu: ule usiku ambao baruti hulia na mbwa wakajificha uvunguni. Ungeniuliza inasherehekea nini, ningekujibu, "Ni Idi ya Wahindi." Basi, elimu yangu ingeishia hapo.

Nasema hivi bila kuzunguka: Kenya imeipa Diwali nafasi katika sheria, lakini mitaani kwetu bado haijapewa. Sidai serikali itufungie sote shule na ofisi siku hiyo. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, ingawa ni kigumu zaidi: jirani ajue jirani yake anasherehekea nini, na mwenye sherehe naye afungue mlango ili ajulikane.

Usiku usio na mwezi

Kiswahili chenyewe hututega. Kati ya Mhindi na Mhindu ipo herufi moja tu, na sisi tumezoea kuimeza. Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wagoa wengi ni Wakatoliki. Mabohora na Waismailia ni Waislamu. Masingasinga wana dini yao, na Wajaini yao. Ukimtakia kila Mhindi unayemwona heri ya Diwali, utakuwa kama mtu anayempa kila Mswahili mkono wa Idi bila kujua nani alifunga na nani alikula mchana.

Diwali maana yake ni safu ya taa. Wahindu wengi husimulia kwamba Rama, mwana wa mfalme, alirudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya kufukuzwa na baada ya kumshinda Ravana aliyemwiba mkewe, na watu wakamwashia taa njia nzima. Wengine siku hiyo humkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali, na ndiyo maana Ba huchora ua mlangoni: anamwonyesha pa kuingilia. Wajaini hukumbuka kufariki kwa mwalimu wao Mahavira. Masingasinga hukumbuka kufunguliwa kwa kiongozi wao wa sita, Guru Hargobind, kutoka ngome ya Gwalior pamoja na wafungwa wengine 52. Taa ni zilezile, visa ni mbalimbali.

Waislamu wa Pwani nitawaonyesha jambo moja watakalolielewa upesi. Sisi tukingoja Idi hupanda darini kuutafuta mwezi mwandamo. Wahindu wao hungoja mwezi upotee kabisa. Diwali huangukia usiku wa giza totoro, na ndipo taa za udongo, utambi wa pamba na samli, zinapopata kazi. Kisha Wagujarati huingia mwaka mpya wao; ule ulioanza Oktoba 2025 wao huuhesabu kuwa wa 2082. Na je, huamkiana vipi asubuhi hiyo? Husema "Sal Mubarak". Neno la kwanza ni la Kiajemi, lina maana ya mwaka. La pili halihitaji maelezo, maana unalitamka kila Idi. Niliposikia Ba akilisema kwa mara ya kwanza nilidhani ananitania.

Tena usisahau kwamba biashara ya Kigujarati huanza mwaka wake hapo. Daftari jipya la hesabu hupelekwa mbele ya madhabahu na kuombewa kabla ya kuandikwa bei ya kwanza. Siku hizi kompyuta nayo huwekwa hapo, ikapakwa alama ya rangi nyekundu. Usione ajabu. Neno pesa unalolitaja mara ishirini kwa siku tulilipata kwao, pamoja na laki, bima, gunia, gari na bangili. Tumekula chapati na achari yao mpaka tukadhani ni vya bibi zetu. Vipi basi ulimi umezoea yao yote, na macho bado yakaona uchafu mlangoni kwao?

Sheria imesema, mtaa haujasikia

Sheria yetu ya sikukuu za umma imegawa sherehe za dini kwa namna ambayo wengi hawaijui. Krismasi, Pasaka na Idd-ul-Fitr ni za kila mtu. Idd-ul-Azha imeandikwa kuwa ya Waislamu. Diwali ni ya Wahindu. Na katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 8, inasema wazi kwamba nchi hii haina dini ya taifa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wahindu elfu 60 na ushei kati ya watu milioni 47 na zaidi. Ni wachache kama punje ya hiliki katika sufuria ya chai, na sheria imewaona hata hivyo. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini sheria huishia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mhasibu wa Kihindu aliye peke yake katika ofisi ya watu 40 huomba siku yake kwa kunong'ona, kisha hujibu swali lilelile kila mwaka: "Kwani Diwali ni nini hasa?" Mtoto aliye kidato cha nne hukuta sikukuu yao imeangukia katikati ya msimu wa mitihani ya kitaifa, akawasha taa huku kitabu kikiwa mapajani. Mwalimu anayejua humpa pole na heri. Mwalimu asiyejua humuuliza mbona ana rangi vidoleni.

Mwaka 2025 kalenda ilitufanyia jambo. Usiku wa Diwali uliangukia tarehe 20 Oktoba, siku yetu ya Mashujaa. Nchi ilikuwa msibani. Mwanasiasa Raila Odinga alikuwa amefariki tarehe 15, tena huko India, akazikwa Bondo tarehe 19. Bendera zilikuwa nusu mlingoti. Ba aliniuliza ngazini kama watu wataona vibaya akiwasha taa zake. Nilimwambia kwamba kwetu taa huwashwa hata penye matanga. Akawasha. Baruti hakuruhusu wajukuu wapige.

Nilifikiri sana usiku ule kuhusu mashujaa. Makhan Singh, Singasinga, alisimama katika ukumbi wa Kaloleni hapa Nairobi mwaka 1950 akadai uhuru kamili, wakati hata wanasiasa wengi walikuwa wakiomba kwa mafungu. Mkoloni alimweka kizuizini hadi mwaka 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa, aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa. Hao ni watoto wa nchi hii. Serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Nambari wamepata. Lakini nani kati yetu anajua sikukuu za kabila la 44 kama anavyojua tohara za kabila la jirani yake mwingine?

Yai katika mandazi

Sasa nirudi nyumbani, maana ujirani hauelezeki kwa vifungu vya sheria. Diwali yetu ya kwanza hapa, mlango uligongwa. Alikuwa Ba, sahani mbili mikononi. Moja ilikuwa na vitafunio: ladu, jalebi na chevda. Nyingine alikuwa ameifunika. Akasema, "Hii iliyofunikwa imetoka hekaluni, si yenu. Hii nimepika nyumbani, sijaiombea kitu. Hii ni yenu."

Nilibaki nimeduwaa. Mama yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Mombasa siku hiyo hiyo kuniuliza, "Mwanangu, hao jirani zako wakikuletea chakula, utajua kimeombewa nini?" Swali la mama si la chuki. Waislamu wengi hawali chakula kilichotolewa kwa miungu, na Wakristo nao wamelijadili suala hilo tangu enzi za Mtume Paulo na Wakorintho. Kumbe Ba alikuwa amelijibu kabla halijaulizwa. Aliijua dini yangu kuliko nilivyoijua yake. Nani kati yetu wawili alikuwa jirani?

Na kwetu Pwani sahani hairudi tupu. Mkono mtupu haulambwi, na sahani tupu ni kama kumwambia mtu asirudi tena. Mke wangu akaijaza mandazi ya moto, mtoto akaipeleka. Ba akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Miaka miwili baadaye, tukiwa tumeshazoeana hadi kuombana chumvi, ndipo alipotuambia kwa kicheko, "Yale mandazi yenu yalikuwa na yai. Sisi hatuli yai. Lakini mlinzi alifurahi!" Mke wangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ukupigao ndio ukufunzao. Tangu siku hiyo sahani ya Ba hurudi na mahamri ya tui la nazi na hiliki, bila yai, yaliyokaangwa kwa mafuta mapya kwa sababu ya zamani yalikuwa yamekaangia samaki. Tumejifunza pia kwamba wapo Wahindu wasiokula hata kitunguu maji wala kitunguu thomu. Hakuna semina ya maridhiano ingetufundisha hayo. Yai moja lilitosha.

Najua yupo msomaji anayesema, "Huo ndio mwanzo wa kuchanganya dini." La. Ibada ina mlango wake na ujirani una mlango wake. Sikuingia hekaluni, sikupiga magoti, sikuimba. Nilisema, "Heri ya Diwali, Ba," kama anavyoniambia yeye, "Idi Mubarak." Anayekatazwa na dhamiri yake kula, asile, na aseme kwa adabu. Mwenye sherehe hataudhika, maana yeye mwenyewe ana mengi asiyoyala kwako. Kinachoudhi ni kukuta mwenzako amekula, akashiba, na hajali umesherehekea nini.

Ukuta nao una historia yake

Haki itendeke pande zote. Wahindi wengi wa miji yetu wanaishi nyuma ya kuta ndefu, na Diwali nyingi husherehekewa humo humo ndani. Wako akina dada wa kazi ambao wiki nzima husugua vyombo vya shaba, hukuna nazi, huosha mapazia, hupanga taa dirishani, kisha hurudi nyumbani jioni na bahasha ya bakshishi bila kuambiwa hata siku moja walikuwa wakiandaa nini. Wako walinzi wanaozisikia baruti zote na kuonja ladu moja. Mtu akiona taa mia nyuma ya lango lililofungwa, atakachojifunza ni kwamba wenyewe wana umeme mwingi. Asiyekujua hakuthamini, na wewe usiyejitambulisha huna wa kumlaumu.

Lakini tuulize pia ukuta huo ulitoka wapi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta watu zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani Kisumu. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na karibu 6,700 walibaki. Wengine walikuja na majahazi yao kufuata biashara, kama walivyofika Unguja na Mombasa tangu zamani. Mkoloni akawaweka katikati, juu ya Mwafrika na chini ya Mzungu, kisha akaondoka akawaacha hapo hapo. Mwaka 1968, baada ya sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, maelfu yao walipanda ndege kwenda Uingereza. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Na Agosti 1982, jaribio la mapinduzi liliposhindwa hapa Nairobi, maduka na nyumba za Wahindi, hapa Ngara na kule Parklands, zilivamiwa na kuporwa. Ba hulitaja jambo hilo mara chache, na kila alitajapo hupunguza sauti. Ukuta mrefu una majivuno yake, sikatai, ila matofali mengine yaliwekwa na hofu.

Hapo ndipo hoja yangu inapogusa maisha ya nyumba ya kawaida. Siku nchi inapochafuka, hakuna ujirani ila ule tulioujenga wakati wa amani. Mtu ambaye mtoto wako ametia rangi mlangoni kwake, hutamwachia mwenye panga amfikie kirahisi. Mtu ambaye hujui hata sikukuu yake ni duka tu, na duka hupasuliwa kioo.

Mlango ufunguliwe kutoka ndani

Malaysia, nchi ya Waislamu wengi yenye Wahindu, Wakristo na Wabudha, wana desturi wanayoiita nyumba wazi. Ikifika Idi, Mwislamu hufungua mlango na majirani wa dini zote wakaja kula. Ikifika Diwali, zamu ni ya Mhindu. Hawaulizani nani ameslimu. Hula, hushukuru, huondoka.

Je, hilo ni geni kwetu? Nenda Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Hekalu la Masingasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 huwalisha wasafiri wa kila dini bila malipo. Madereva wa malori wanapajua kuliko wanavyojua vituo vya polisi. Anayeingia huvua viatu, hufunika kichwa, huketi, hupewa chapati na dengu. Hakuna anayeulizwa kabila wala kitambulisho. Kama inawezekana Makindu kila siku, itashindikanaje Ngara, Kizingo ya Mombasa au Milimani ya Kisumu siku moja kwa mwaka?

Kwa hiyo ombi langu kwa Wahindu: mwaka huu, kabla ya kuwasha taa ya kwanza, mwite dada wa kazi na mlinzi, uwaeleze kisa cha Rama kwa Kiswahili, kisha wale mlo mmoja nanyi. Baruti zikome mapema, maana katika jengo wamo wagonjwa na watoto wachanga. Kwa walimu: siku hiyo mpeni mtoto wa Kihindu dakika tano aeleze, wenzake watakumbuka kuliko somo zima. Na kwetu sisi wengine kazi ni ndogo: bisha hodi, sema heri, na uulize yai linaliwa au haliliwi.

Mwaka 2025, kesho yake baada ya Mashujaa, niliamka mapema nikasikia ndoo ikiburutwa ngazini. Ni dada yuleyule. Miaka yote hii naye amekuwa akipokea sahani yake kwa Ba, na naamini siku moja alielezwa ua lile ni la nani, ingawa sikumwona akiuliza. Alipiga deki ghorofa ya kwanza, ya pili, akafika kwetu. Kisha sauti ya deki ikabadilika, ikawa ya kitambaa kinachopitishwa kwa mkono, polepole. Nilipotoka kwenda kazini, ukumbi mzima ulikuwa umelowa, isipokuwa duara moja mlangoni kwa Ba, upana wake kama ungo, kavu kabisa.